Tanzia Niliyosafiri Nayo

Kwetu pwani, mtu aliye mbali hapewi tanzia moja kwa moja. Hutafutwa kwanza rafiki yake wa karibu, akaambiwa yeye, naye ndiye anayejua namna ya kumfikia mwenzake. Atakwenda na watu wawili watatu, atamkalisha, atamuuliza kama amekula, na hadi hapo mwenyewe keshaanza kuelewa. Ni ada nzuri na ninaitetea mpaka leo, ingawa watu wakiniuliza kwa nini niliachana na rafiki yangu wa Amerika huwa nawaambia ni kwa ajili ya ada hiyo. Huo ni uongo wangu mdogo. Ada haikuniponza. Nilijiponza mwenyewe kwa kuivuta hadi ikakatika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Tulikuwa tukikaa wawili, mimi wa Mombasa na yeye wa Unguja, katika fleti ya ghorofa ya tatu huko Falls Church, karibu na barabara ya Ruti Saba. Mimi nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Yeye alipika katika jiko la chuo kikuu kule College Park, na kila alfajiri aliingia na gari lake bovu kwenye Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji mkuu wa Amerika, nami nikabaki dirishani nikimwombea dua. Mimi barabara ile niliiogopa waziwazi, wala sikujitia ushujaa. Jumapili alinichukua, tukaenda Columbia Heights kwa mama mmoja mtu mzima wa Lamu, ambaye sebule yake ndiyo iliyokuwa mahali petu wanawake pa kusomea na kuombeana dua.

Yeye alikuwa mcheshi na mchelewaji. Mimi mkali, na nilipenda kupanga. Nilimpangia siku ya daktari, siku ya kufua, hata koti la kuvaa kulingana na baridi ya siku hiyo. Alikuwa akicheka na kuniita serikali. Asubuhi akitoka chumbani huuliza, "Serikali imeamua nini leo?" Nami nilipenda kuitwa hivyo, kwani mtu mpweke ugenini hupenda kuwa na mtu wa kumtawala kidogo.

Safari ya Malta tuliisema kwa miaka miwili kabla ya kuifanya. Tulikuwa na kiu ya bahari. Mto Potomac tulishaujaribu, tukakaa ukingoni na chupa ya chai, lakini mto ni mto tu, hauna harufu. Malta tuliichagua kwa sababu pasipoti zetu hazikupata shida kule, na kwa sababu mfanyakazi mwenzangu alikuwa na kijitabu chenye picha za maji ya buluu ambayo sote wawili tuliyatazama tena na tena.

Kwa mwenzangu haikuwa rahisi. Likizo yake ilikuwa moja, na mama yake mzazi alikuwa Unguja, hajamwona kwa miaka sita. Mama yule hakujua kuandika. Mawasiliano yao yalikuwa ya kanda: mama akisema kwenye kinasa sauti cha jirani, kanda ikapewa mtu anayesafiri, ikafika kwetu baada ya mwezi ikinuka karafuu. Mwenzangu alimuuliza kwa kanda: nije kwako, au niende nikapumzike? Jibu lilipofika tulilisikiliza pamoja jikoni. Mama alikohoa, akaomba maji, akanywa, kisha akasema, "Nenda mwanangu ukapunge upepo, umefanya kazi mno. Mimi nipo. Utanikuta mwakani."

Simu ililia siku moja kabla ya kuondoka, saa nne za asubuhi. Mwenzangu yuko kazini, mimi nakunja nguo. Alikuwa kaka yake, akipiga kutoka posta, sauti yake ikija na kupotea. Alinisalimia kwa adabu, akaniuliza hali, akaniuliza kama dada yake yupo. Nilipomwambia hayupo akaniuliza kama nimekaa, nikajua. Mama alianguka alfajiri akitia udhu. Walikwisha kumzika, baada ya adhuhuri.

"Dada, sitaki asikie kwenye simu," akaniambia. "Mwambie wewe, taratibu, na asiwe peke yake."

Nikamjibu aniachie mimi. Yeye alielewa kwamba nitamwambia jioni ile. Mimi pia, Mungu ni shahidi wangu, wakati naweka simu chini nilikuwa na nia ya jioni ile.

Nilimpigia mama wa Lamu kule Columbia Heights ili aje na watu. Katika kumweleza ndipo shetani wangu wa kupanga aliponiingia. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba mazishi yamekwisha kupita, kwamba hata akipanda ndege leo atakuta kaburi tu, kwamba mama mwenyewe ndiye aliyemtaka aende akapumzike. Amefanya kazi miaka sita bila kupumzika. Mbona tusimwache apumzike siku hizi kumi na mbili, kisha tumwambie akirudi, akiwa na nguvu? Mama wa Lamu aliniambia nimwambie leo. Nikabishana naye. Mimi nikiamua kubishana, mtu huchoka upesi. Mwishowe akasema, "Haya, wewe ndiye unayekaa naye. Niachie ufunguo kwa jirani, siku mtakayorudi nitakuja na watu."

Sikumwambia jambo moja, nalo nalisema sasa kwa kuwa sina tena wa kumwonea haya. Nilikuwa naitaka bahari ile. Sikuwa nimeogelea tangu nitoke kwetu. Kazini mwenzangu mmoja, Mkenya wa Nyeri, alikwisha kukubali kunishikia zamu, akaniambia, "Wewe enda u-relax, mimi nita-cover shift zako zote." Begi langu lilikuwa limefungwa. Nilimhurumia rafiki yangu kwa dhati, na ndani ya huruma hiyo nilificha tamaa yangu, nikajitia hamnazo.

Jioni akaingia akiwa na kofia mpya ya ukindu, ukingo wake mpana kama ungo. Akaivaa, akazunguka sebuleni. Nilifungua kinywa. Nilisema, "Itakuzuia jua vizuri."

Tulibadilisha ndege Roma, tukafika Malta, tukavuka kwa feri hadi Gozo, kisiwa kidogo cha pembeni. Tulipanga chumba kwa mjane mmoja, nyumba ya mawe ya rangi ya asali yenye roshani inayotazama maji. Mjane alivaa nyeusi tupu, mpaka soksi. Watu wa pale ni Wakristo wa kengele na sanamu, lakini lugha yao ina asili ya Kiarabu, wakihesabu unasikia sita na tisa zinazokaribia zetu, na mwenzangu alifurahi, akawa kila dukani anaomba ahesabiwe.

Asubuhi tulikula mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Kisha tulishuka kwenye miamba. Yeye aliogelea na gauni refu na suruali chini yake, na akina mama wa pale wakamtazama kidogo, kisha wakamzoea. Adhuhuri kijiji chote kilifunga madirisha kikalala, nasi tukalala. Jioni watu walitoka kutembea ufukweni, wanakwenda mpaka mwisho wa ukuta, wanarudi, wanakwenda tena, hawana pa kufika. Mwenzangu aliyapenda matembezi yale kuliko kitu chochote. Alisema hivi ndivyo binadamu alivyoumbwa aishi, na kwamba serikali yangu ipitishe sheria.

Siku ya pili aliweka jiwe kwenye ukingo wa maji ili ajue bahari inapwa saa ngapi. Tukangoja. Mchana maji yalikuwa palepale, jioni yalikuwa palepale. Alimuuliza mjane, naye hakuelewa hata swali. Bahari ile haipwi wala haijai, au ni kidogo mno hata haionekani. Mwenzangu alishangaa, akasema wavuvi wa huku lazima ni wavivu, na akasema lazima amweleze mama, maana mama hatasadiki.

Kila alipotaja mama, nilitazama pengine. Nilijifunza kutazama boti, kutazama kucha zangu, kutazama mfupa wa samaki. Nililia bafuni nikiwa nimefungua bomba. Nilikuwa nimemsikia mama yule kwa miaka mitano jikoni kwetu, alinijua jina, kila kanda aliniulizia na kuniagiza nisipigwe na baridi. Na mimi nilikuwa nikimlilia kama mwizi. Usiku nilipanga maneno ya kumwambia mwanawe, asubuhi nilimkuta amekaa kwenye roshani anacheka peke yake kwa raha, yakaniishia.

Siku ya tano mjane alinikuta jikoni nikilia juu ya sinki. Alinishika mkono, akauliza kwa Kiingereza chake cha kubahatisha nani amekufa. Watu waliozoea nyeusi hawakosei. Nikamwambia. Nilimwambia mtu nisiyemjua jambo ambalo mwenyewe hajui, na nilipomaliza nilipata nafuu, na nafuu hiyo ikaniaibisha. Mjane alijipiga alama ya msalaba, akatazama kule roshani. Tangu siku ile alimpa mwenzangu samaki mkubwa kuliko wote, akampapasa shavu akipita. Mwenzangu aliniambia, "Huyu mama ananipenda mimi kuliko wewe, umeona?"

Kanda tulikuwa nayo. Aliichukua pamoja na kinasa sauti kidogo, na saa kumi, baada ya kulala, alikuwa akiiweka huku tukinywa kahawa. Mama anakohoa, anaomba maji, anakunywa. Mimi nipo. Utanikuta mwakani. Nilivumilia mara nyingi. Lakini siku ya tisa alitoa kanda mpya, tupu, akasema atamrekodia mama jibu akiwa hukohuko baharini ili asikie mawimbi.

Alikaa sakafuni, akabonyeza kitufe, akaanza. Alimweleza mama mkate wa nyanya, kengele, mjane na mapenzi yake, na jiwe lililogoma kuonyesha maji yakipwa. Alisema vizuri, bila haraka, akinyamaza mahali ambapo mama angecheka. Nilikuwa kwenye kiti nyuma yake, nikitazama kisogo chake kilichochomwa na jua. Halafu akageuka, akaninyooshea kinasa sauti.

"Haya, serikali. Mwamkie mama."

Nikatikisa kichwa. Akanisogezea zaidi, akicheka, akiashiria kwa mkono kwamba kanda inakwenda. Hapo ndipo ningeweza. Ningezima kile kitufe, nikashuka sakafuni kwake, nikamwambia. Siku zilizobaki zingekuwa za msiba wake, kwenye nyumba ya mtu anayejua msiba. Niliinama.

"Shikamoo mama," nikasema. "Sisi wazima. Mwanao namwangalia."

Alizima, akacheka sana. Akasema nimeona haya kama mchumba.

Nimekosa mengi maishani, kama kila mtu. Nimewahi kumfokea mgonjwa, nimewahi kuapa uongo. Lakini sijafanya jambo nililolichukia kama salamu ile, na nililichukia wakati uleule lilipokuwa likitoka kinywani.

Tulirudi siku ya kumi na mbili. Gari tulikuwa tumeliacha kwa jirani, alikuja nalo uwanja wa ndege, mwenzangu akashika usukani mwenyewe kwa kuwa alikuwa na hamu ya kuendesha. Njia nzima aliimba. Tulipanda ngazi na mabegi, yeye mbele. Kwenye mlango wetu kulikuwa na viatu vya kike, jozi kumi au zaidi, vimepangwa ukutani.

Akasimama. Hakugeuka.

"Nani?"

"Mama," nikasema.

"Lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Sijui kwa nini. Lilikuwa ndilo swali pekee.

"Siku moja kabla hatujaondoka."

Aliweka begi chini taratibu. Akavua viatu, akaviweka mwisho wa mstari ule, akaingia. Mama wa Lamu alinyanyuka kumpokea, na wanawake wakampa mkono wa pole mmoja mmoja. Yeye akawa anawajibu mmoja mmoja, amina, amina, kama mtu anayepokea wageni wa mtu mwingine. Hakulia. Alimuuliza mama wa Lamu kama hitma imesomwa. Imesomwa, akaambiwa, wiki iliyopita, kule Columbia Heights. Akashukuru.

Asubuhi yake aliniita jikoni. Alikuwa amekaa, mikono mezani. Akaniuliza ni nani na nani waliojua, akataka nimtajie wote. Nikaanza: kaka yake, mama wa Lamu, wanawake wa Jumapili. Akangoja, kama mtu anayejua hesabu haijakamilika. Nikamtaja mjane wa Gozo. Hapo alifumba macho.

Nilijitetea. Nilisema asingeweza kuwahi maziko, nilisema mama alitaka apumzike, nilisema nilimhurumia. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililosaidia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemlilia mamangu siku kumi na mbili," akasema. "Mimi nilikuwa nacheka. Siku zangu za matanga umezikaa wewe."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe, kikaniumbua vilevile. Mambo ya Unguja yalikuwa mabaya kuliko nilivyodhani. Kaka yake, aliyeamini kwamba nilimwambia siku ileile, alikuwa akingoja simu ya dada yake. Haikuja. Badala yake, wiki kadhaa baada ya maziko, ilifika postikadi kutoka Malta kwa jina la mama, ina picha ya watu wanaoogelea, na nyuma mwenzangu ameandika kwamba hajawahi kustarehe namna hii. Nyumba nzima iliisoma. Nilimwandikia kaka barua ndefu, nikajibebesha kosa lote, nikamwomba awasomee watu. Alinijibu kwa heshima kwamba amewasomea. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba shangazi mmoja hakusadiki, na hakusadiki mpaka alipokufa.

Hakunitukana, hakunipigia kelele. Ningefurahi angenipigia kelele. Kwa mwezi mmoja tulipishana ndani ya fleti ile kwa adabu, yeye akinisalimia kila asubuhi. Hakuniita serikali tena. Kisha alipata chumba College Park karibu na kazi yake, akahama Jumamosi moja wakati mimi niko zamu. Nilirudi nikakuta amefagia chumba chake na kufua mapazia. Nilikaa kwenye sakafu yake safi nikalia kwa sauti, bila bomba. Kisha nikajifunza mabasi, na mwaka uliofuata, kwa kuwa hakuna mtu wa kunipeleka, nikajifunza hata Beltway.

Ikapita miaka miwili na kitu. Jumapili nilikwenda Columbia Heights mchana, yeye alikwenda asubuhi. Mama wa Lamu alitupangia hivyo bila kusema.

Siku moja ya Februari nilikuwa namvisha soksi mzee mmoja, mwuguzi akaja kuniambia kuna mtu wangu ukumbini. Nikatoka. Alikuwa amesimama karibu na viti vya magurudumu, bado ana aproni ya jiko la chuo chini ya koti. Amekonda. Alikuja moja kwa moja kwangu. Watu walikuwa wakipita, wazee wakituangalia.

"Baba yako amefariki leo alfajiri," akaniambia. "Watamzika baada ya alasiri. Wamenipigia mimi, sasa hivi nimetoka kwenye simu. Sijamwambia mtu mwingine yeyote."

Ndugu zangu walikuwa bado na namba yake ya kazini, toka zamani. Walimpigia kwa ada ileile: tafuta rafiki wa karibu. Hakuna aliyewaambia kwamba si rafiki tena, na yeye hakuwaambia. Hakuita watu, hakunikalisha, hakuniuliza kama nimekula. Alivuka mji mzima kwenye theluji ili baba yangu asikae hata saa moja akiwa maiti kwa wengine na mzima kwangu.

Nilimwangukia palepale. Alinishika. Alinipeleka nyumbani, akapiga simu kazini kwake akaomba ruhusa, akakaa nami siku zote tatu za matanga. Alipika, alipokea watu, alinilazimisha kunywa uji. Siku ya pili, katikati ya kumlilia baba, nilijikuta nikimlilia mama yake, nikamtaja kwa sauti mbele yake. Hakunizuia. Alikaa kando yangu na yeye akalia, mara ya kwanza kumwona akimlilia.

Siku ya nne asubuhi, watu wakiwa wameondoka, aliosha vikombe na kuvipanga. Nilisimama mlango wa jikoni, nikamwomba anisamehe. Kwa miaka miwili nilikuwa sijalitamka neno hilo lenyewe, nilikuwa nimejitetea tu. Alifuta mikono kwanza.

"Nimekusamehe zamani," akasema. "Kukaa nawe ndiko nisikokuweza."

Akachukua ufunguo wa gari, akaniambia uji uliobaki uko kwenye friji, akaenda zake kazini.